Makopo Manne Chini ya Kitanda

Themi, Jumamosi alasiri

Naseriani mwanangu,

Maharage yapo motoni tangu saa saba mchana. Sasa ni saa kumi na dakika kumi, na nikiyabonyeza kwa mwiko yanalia kama kokoto. Nimeongeza maji mara nne na mkaa mara mbili. Koko amepiga simu kutoka Sambasha kuuliza kama yameiva. Nikamwambia, "Bado, yeyo." Akasema, "Umetia chumvi mapema." Sijatia chumvi! Nina miaka thelathini na saba, nimesoma, cheti changu kiko ukutani, na mama yangu mzazi bado haamini kwamba najua chumvi inaingia lini kwenye sufuria.

Wewe umekwenda Sokon One kumuaga rafiki yako, na umetoka bila kuniaga mimi. Mlango hukuubamiza. Ungeubamiza ningejua la kufanya. Uliufunga polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa, na hilo ndilo lililonikalisha hapa barazani na kalamu.

Sitakuandikia habari za basi la kesho la kwenda chuoni Mbeya, wala za shuka, wala za kitambulisho kukaa mfuko wa ndani. Hayo nimeyasema mpaka nimejichosha mwenyewe, na orodha iko kwenye mkoba wako, nakala mbili. Miaka kumi na miwili nimekaa masijala nikiandika barua zinazoanza na "Tafadhali rejea", na hakuna hata moja iliyonishinda kuanza kama hii. Basi, tafadhali rejea ugomvi wetu wa Alhamisi.

Nilikuwa napanga upya sanduku lako. Kwa mara ya tatu, ndiyo, najua. Chini ya sweta la kijani nikakuta makopo sita ya maharage.

"Nase, haya ni nini?"

"Maharage, Mama."

"Naona ni maharage. Nauliza yanafanya nini humu."

"Yanasafiri."

Nilitaka kucheka, na kwa kuwa nilitaka kucheka nikakasirika zaidi. Nilikuuliza kama umeuona mfuko uliotumwa na Koko, maharage aliyoyapura mwenyewe kwa fimbo na mgongo wake ule, akayapepeta, akayachagua moja moja. Ukasema umeuona, na unamshukuru Koko sana, lakini una kipindi saa moja asubuhi na kingine kinaisha saa kumi jioni.

"Haya ya Koko yanataka saa tatu. Nitayapika lini, nikiwa nimelala?"

"Wenzako wanapikaje?"

"Wenzangu wana gesi."

"Gesi inalipuka."

"Basi kopo halilipuki, Mama."

"Kopo ni chakula cha mvivu. Anayeshindwa kuchemsha maharage, chuo atakiweza?"

Ukasema polepole, bila hata kupandisha sauti: "Mama, wewe unaogopa gesi. Unaogopa umeme. Unaogopa barabara. Sasa mpaka kopo?"

Nikatoa makopo yote sita, nikayapanga juu ya kabati. Mahali pake nikaweka mfuko wa Koko, na juu ya mfuko nikaweka jiko la mkaa, dogo, jipya, nililokununulia mwenyewe na kulifunga kwa magazeti lisichafue nguo. Tangu hapo tunasemeshana kama watu wa ofisi mbili tofauti. "Chai iko tayari." "Asante." "Maji ya kuoga." "Sawa."

Nimeyapima maneno yako kwa haki, maana ndiyo kazi ninayolipwa, kupima karatasi ya huyu na karatasi ya yule. Kopo limeshapikwa. Unalifungua, unakaanga kitunguu, unamimina, unakula. Halitaki mkaa, halitaki kulowekwa usiku kucha, halitaki mtu wa kulichungulia kila baada ya nusu saa. Ubaya wake ni chumvi, na ule mchuzi mwekundu wenye sukari kama jamu. Na kopo moja kwa wasichana wawili, wewe na mwenzako wa chumba, ni mlo mmoja, tena mlo wa kuchungana macho, wakati mfuko wa Koko ungewafikisha mwisho wa muhula. Kwenye ladha sibishani na mtu. Maharage ya Koko yakiiva yanatoa mchuzi mzito wenyewe, unaoshika tonge la ugali bila kuomba msaada wa nyanya.

Kwa hoja hizo ningeshinda kesi. Taabu ni kwamba Alhamisi sikusema kwa sababu ya hoja hizo. Na swali lako lilikuwa na jibu. Ndiyo, naogopa kopo. Naliogopa tangu ulipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na sijamwambia mtu sababu yake, hata Koko. Mtu mmoja tu anaijua, kwa kuwa alikuwapo.

Baba yako unamfahamu kwa simu za Krismasi. Mimi nilimfahamu akiwa msaidizi wa mpishi kwenye safari za wageni wanaopanda Meru. Alikuwa akishuka mlimani ananuka moshi na mafuta ya kukaangia, na kila aliposhuka alileta makopo yaliyobaki: maharage ya nyanya, samaki, mananasi. Wageni hula hayo huko juu kwa sababu hakuna muda wa kuchemsha, na maji huko yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, ndivyo alivyonieleza. Alikuwa anapanga makopo dirishani kwetu Sokon One, chumba kimoja chenye dirisha moja la mbao, kama mtu anayepanga vikombe vya ushindi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na wewe tumboni. Niliona ni mwanaume anayeleta chakula nyumbani.

Koko alikuja kututembelea mara moja tu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akachukua kopo, akaligeuza juu chini, akalitikisa sikioni kama anasikiliza kama kuna mtu ndani. Akauliza, "Shamba lake liko wapi?" Baba yako akacheka. Koko hakucheka. Akalirudisha dirishani, akasema, "Haya ni maharage ya watu wasio na mtu wa kuwapikia."

Hakusema zaidi ya hapo. Unamjua, hasemi mara mbili. Lakini mimi nililichukua neno lile nikalifanya sheria.

Ulipofikisha miezi minane, baba yako alipata kazi ya hoteli Zanzibar. Akasema atatuma nauli. Alichoacha ni koti la mvua na makopo manne ya maharage. Nikayasukuma chini ya kitanda, mbali, mpaka ukutani, nikayafunika kwa gunia. Nilijiapiza kwamba mwanangu hatakula kitu cha kopo. Mwanangu ana mtu wa kumpikia. Tulilala na njaa mara ngapi, Nase, juu ya kitanda chenye chakula chini yake? Sitaki kuhesabu. Ninachoweza kusema ni kwamba kiburi hakikuniuma hata kidogo. Kilinipa joto.

Sasa nakuja kwenye lile ninalolikwepa tangu ukurasa wa kwanza. Nimeinuka nikaongeza maji tena, na hayakuhitaji.

Ulikuwa mwezi wa saba. Unajua Julai ya Arusha: mlima hauonekani wiki nzima, manyunyu hayaishi, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na bado zina unyevu. Ulikuwa na mafua. Mimi nilikuwa nasomea cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Asubuhi nilinunua maharage dukani. Muuzaji akaniapia, "Haya, dada yangu, yameanuliwa juzi." Yalikuwa ya msimu wa nyuma, pengine wa nyuma yake tena. Maharage ya zamani hukauka mpaka moyoni; unaweza kuyachemsha mpaka Mto Themi ukauke. Sikulijua hilo. Niliyaloweka saa moja tu, nikatia magadi mengi ili yalainike haraka, nikawasha jiko nje, chini ya bati la mwenye nyumba.

Saa nane mvua ikazidi, ikawa inaingia kwenye jiko. Nikalibeba jiko nikaliingiza chumbani. Nikafunga mlango kwa ajili ya baridi. Nikafunga dirisha kwa ajili ya mafua yako. Nikaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa khanga, maana mimi ni mtu mwangalifu.

Chumba kikapata joto zuri. Ulicheza kidogo na mfuniko wa sufuria, ukalala. Mimi nikasoma. Maharage hayakulainika. Nikaongeza mkaa, nikasoma, nikaongeza mkaa. Kichwa kikaanza kuniuma, nikasema ni njaa. Nikaona herufi zinaogelea, nikasema ni usingizi wa watu wanaolea. Nakumbuka nilikutazama nikafurahi kwamba leo umelala fofofo, hukohoi. Nikaweka kichwa juu ya daftari, dakika tano tu.

Mkaa ukiwaka ndani, pamefungwa, una sumu, Nase, na sumu hiyo haina harufu. Haimkohozi mtu. Haikuamshi. Kama ingekuwa na harufu ningeiogopa, maana mimi naogopa kila chenye harufu.

Kilichokuwa na harufu ni maharage. Maji yaliisha, yakaungua, na harufu ikapita juu ya ukuta mpaka chumba cha pili kwa Mama Joeli, mama wa Kimachame aliyekuwa anauza mitumba na aliyekuwa hamwonei haya mtu yeyote. Nilisikia kwa mbali sana anagonga.

"Mama Nase! Maharage yako yanaungua, umekufa?"

Nilitaka kumjibu. Mdomo haukufunguka.

"Mama Nase, acha utani!"

Aliusukuma mlango kwa bega. Alikutoa wewe kwanza. Nilimwona amekubeba umening'inia mkononi mwake kama nguo mbichi, na sikuweza kuinuka. Akarudi akanivuta kwa mabega mpaka uani, nikalala kwenye matope na mvua inanipiga usoni. Wewe ulikuwa kimya. Mama Joeli alikugeuza, akakupiga mgongoni, akakupulizia, akamwita Mungu kwa Kichaga, kisha akamtukana pia, nadhani. Halafu ukatapika. Halafu ukalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile, na mpaka leo mtoto wa mtu akilia kanisani, watu wakikunja uso, mimi namshukuru.

Mama Joeli aliingia ndani kutafuta shuka la kukufunika. Alitoka na shuka mkono mmoja na kopo mkono wa pili. Akasimama mbele yangu kwenye mvua.

"Mama Nase. Una chakula chini ya kitanda, na unajiua kwa maharage ya dukani?"

Nikamwambia, nikiwa bado nimelala matopeni, "Mwanangu hali vya kopo."

Hebu sikia upumbavu huo. Sikuwa hata na nguvu ya kukaa.

"Mwanao nusura asile tena kitu," akasema. Akalifungua lile kopo kwa kisu, pale pale barazani kwake, akakupakata akakulisha kwa kijiko. Ulikula. Ulikula mpaka ukashika kijiko kwa mikono miwili. Mimi nikalia kwa hasira. Nilikuwa namkasirikia baba yako kwa kuwa chakula chake ulikipenda.

Unadhani niliishia hapo? Tulikwenda zahanati. Muuguzi akauliza kilichotokea. Mama Joeli akafungua mdomo, nikamwahi. Nikasema umetapika tangu asubuhi. Niliogopa watasema sijui kulea. Niliogopa neno litapanda mlima lifike kwa Koko, aseme aliniambia. Muuguzi akaandika nilichosema, akatupatia dawa ya kuzuia kutapika, tukarudi. Ungeweza kuhitaji kitu kingine kabisa. Usiku kucha nilikaa nakusikiliza unavyohema, na hata hivyo asubuhi sikurudi kusema ukweli. Kadi yako ya kliniki ninayo. Nimeitunza vizuri, sina karatasi inayonipotea. Ndani yake kuna mstari mmoja wa uongo wenye muhuri, na mimi ndiye niliyeutoa. Jumatatu nikafanya mtihani wa utunzaji wa kumbukumbu, nikafaulu.

Kwa hiyo tangu hapo ninapika maharage nje, jua au mvua, hata yale ya sikukuu. Ulishaniuliza kwa nini nasimama na mwavuli kando ya jiko kama mlinzi wa benki, nikakwambia chakula cha nje kina ladha. Nilikufundisha kuogopa gesi, umeme, barabara na makopo. Kitu kilichotaka kukuua sikukufundisha kukiogopa hata siku moja, kwa sababu kukitaja kungenibidi nitaje na mengine.

Na Alhamisi, Nase, mikono hii hii imechukua jiko la mkaa ikalifunga kwa magazeti ikakuwekea sandukuni. Mbeya kuna baridi kama ya kwetu, wanasema inazidi. Chumba chenu kina dirisha moja, nimeliona kwenye picha ulizonionyesha. Nikakupa na maharage ya saa tatu. Nilikuwa nakupangia siku ile ile, kitu kwa kitu, na nikakuita mvivu ulipokataa. Nililitambua hilo leo mchana nikiwa nawasha jiko hapa uani. Kiberiti kiliniwakia mpaka kidoleni.

Hapa kulikuwa na aya ya ushauri. Nimeikata. Nilipoisoma tena nikaona ni ile ile sauti ya Alhamisi, ila imevaa nguo za kanisani.

Niseme tu nilichofanya. Jiko la mkaa nimelitoa, na gazeti lake. Makopo yamerudi mahali ulipoyaweka. Fedha ya mtungi mdogo wa gesi nimeifunga kwenye leso, utanunua ukifika, na utamwomba mwenye duka akuwashie mbele yako mara mbili. Tatu. Naogopa gesi bado, usidhani nimepona. Mfuko wa Koko nimeupunguza nusu. Hayo yapike Jumapili mkiwa na nafasi, na ukiona yamekataa kulainika baada ya saa mbili, yamwage. Nimesema yamwage. Hakuna aliyewahi kupewa nishani kwa kushinda na maharage. Koko akikuuliza, mwambie mama ndiye aliyesema.

Na Koko nitamwambia. Nimeshapiga simu saa hii, kabla moyo haujabadilika. Nikamwambia, "Yeyo, Jumapili ijayo nakuja, nina jambo la zamani." Akasema, "Kama ni lile la chumba cha Sokon, yule Mchaga wako aliniambia kanisani, mtoto akiwa hajaanza hata shule." Miaka yote hiyo! Nikauliza mbona hakusema kitu. Akasema, "Nilikuwa nakungoja. Na hayo maharage, yameiva?" Nimekata simu nikiwa sijui kama nicheke au nitupe simu mtoni.

Yameiva, kama unataka kujua. Si yote. Baadhi yamepasuka, baadhi bado yana moyo. Tutayala hivyo hivyo.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako uikute Mbeya, mimi nikiwa mbali na uso wako. Ndivyo ninavyofanya mambo yangu, kama ulivyosoma. Nimebadili. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla hatujala, na utaisoma hapa barazani nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kugomba, gomba. Majibu yangu ni machache na sitayapanga. Ukitaka kuondoka kesho bila kunisemesha, nitabeba sanduku lako mpaka stendi vilevile. Nikasirikie hata muhula mzima, Nase. Lakini huko utakakokuwa unanikasirikia, dirisha liwe wazi.

Mama yako